Mimba Changa: Usingoje Tumbo Lionekane

Katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya, mimba changa ni siri ya watu wawili, pengine watatu akiwamo mama mkwe. Haitajwi mpaka kitenge kianze kubana. Siri hiyo humkinga mama na maneno ya watu, na hakuna ubaya, ilimradi asifichwe mhudumu wa zahanati. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hujifunga takriban wiki 4 baada ya mimba kutunga, wakati mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona hedhi imechelewa.

Nesi atakuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, maana hesabu ya wiki 40 huanzia hapo. Ukijibu "tangu tulipoanza kupalilia mahindi", utampa kazi: kupalilia kwa Kyela si kupalilia kwa Mufindi. Andika tarehe, hata kwa mkaa nyuma ya mlango wa stoo.

Mwili unavyobadilika

Kichefuchefu huja asubuhi, mchana au usiku. Mate hujaa mdomoni, matiti huuma, usingizi huzidi, na safari za chooni huongezeka. Kula kidogo kidogo. Kiazi cha kuchemsha kabla ya kushuka kitandani huwasaidia wengi. Hali hii kwa kawaida hutulia kuelekea mwezi wa nne. Asiyetapika kabisa naye yuko sawa. Lakini ukitapika hata maji, na mkojo ukawa mchache na wenye rangi nzito, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Usimcheke mama anayekula udongo. Mpeleke akapimwe damu, kwani udongo huo unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

Chakula kipo, sahani ndiyo ina kasoro

Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, na udumavu unaweza kuanzia tumboni. Ugali upo wa kutosha. Kinachopungua ni kitoweo. Mama apate maharage, chainizi, mayai, dagaa wa Ziwa Nyasa. Na parachichi zote zisipande gari la mnunuzi.

Vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi, usiogope. Usivimeze na chai, hata kama mnaivuna wenyewe Tukuyu au Mufindi, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza kwa maji, chai isubiri saa moja au mbili.

Ulanzi ni pombe, na hata mtogwa, yaani ulanzi mpya ulio mtamu, huwa umeshaanza kuchachuka. Mama asichanganye wala kupulizia dawa za viazi na nyanya. Baridi ya Juni ikibana, jiko la mkaa lisilale chumbani: hewa yake haina harufu, nayo huua mama na mtoto. Dawa yoyote, ya dukani au ya mitishamba, aulize kwanza kituoni.

Kliniki

Hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Mwongozo wa sasa unataka mahudhurio 8. Utapimwa presha, wingi wa damu, kaswende na VVU. Baba aje pia. Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na mama anayeanza dawa mapema ana nafasi kubwa ya kuzaa mtoto asiye na virusi.

Usilale na hili

Damu ukeni, hata matone. Homa. Kuzimia. Maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, pengine yakipanda hadi begani: mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na ikipasuka damu humwagikia ndani bila kuonekana. Usimkande mama, usimpe dawa ya kienyeji. Piga 115 bila malipo, huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, utaje kijiji, kitongoji na zahanati iliyo karibu. Mmoja akiongea na simu, mwingine atafute kadi ya kliniki.