HESABU YA DUKA DOGO

Somo kwa wenye maduka wa Kianyaga na kwingineko

Mtu apandaye kutoka Kutus kwenda Kianyaga hupita kati ya mashamba ya kahawa, na akizidi kupanda kuelekea mlimani huyaacha hayo akaingia katika mashamba ya chai. Nyuma yake, katika tambarare ya Mwea, ni mpunga. Nchi hiyo ina mali, na hakuna asiyejua. Lakini mali yenyewe haitiririki mwaka mzima kama mto. Huja kwa vipindi, kama mvua. Mkulima wa chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa majani aliyoyapeleka kiwandani, kisha hungoja bonasi, ambayo kwa kawaida hufika karibu na mwezi wa Oktoba, baada ya viwanda kufunga hesabu za mwaka mwishoni mwa Juni. Mkulima wa kahawa huchuma zaidi kati ya Oktoba na Desemba, lakini malipo yake makubwa huja miezi kadhaa baadaye. Mwalimu na karani hupata mshahara mwisho wa mwezi.

Basi mwenye duka amesimama katikati ya watu hao wote. Wao hula kila siku, lakini hawapati fedha kila siku. Hapo ndipo taabu yake inapoanza, na hapo ndipo maduka mengi yalipozikwa.

Hesabu za Serikali ya Kenya za mwaka 2016 zilionyesha ya kwamba katika miaka mitano iliyotangulia biashara ndogo zipatazo milioni 2.2 zilifungwa, na karibu nusu yake zilikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wenyewe wakiulizwa sababu, wengi husema, "Fedha ilikwisha." Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Yafaa kuuliza fedha ilikwenda wapi, na ni wachache wawezao kusema, kwa maana hawakuandika.

Jambo hili si geni. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari wengi Waafrika walirudi makwao na akiba zao, wakafungua maduka kwa shirika, pengine watu kumi au zaidi katika duka moja. Mengi ya maduka hayo hayakudumu. Kila mshirika alijiona mwenye mali, akachukua sukari na kitambaa bila kulipa. Daftari halikuwako, na duka la jirani liliuza vitu vile vile. Katika miaka hiyo shule ya Jeanes huko Kabete ilikuwa na mafunzo kwa wafanyi biashara Waafrika, na somo la kutunza hesabu lilikuwa mojawapo. Madaftari ya siku hizo yamekwisha kuoza, lakini somo lenyewe bado linatakiwa.

FEDHA YA DUKA NA FEDHA YA NYUMBA

Na itwaliwe duka moja la mfano. Mwenyewe alianza mwezi wa Januari akiwa na mali ya shilingi 60,000, bila deni la mtu. Akauza mwaka mzima. Kila mwezi alitwaa shilingi 4,000 katika mtoto wa meza kwa matumizi ya nyumbani: karo, dawa, mchango wa harusi, nauli. Yeye mwenyewe aliridhika kabisa, maana duka lilikuwa na wateja na watoto walikuwa shuleni.

Mwezi wa Desemba alifunga mlango siku moja akahesabu. Bidhaa zilizo katika rafu, kwa bei aliyonunulia wala si kwa bei ya kuuzia, zilikuwa za shilingi 52,000. Fedha taslimu ilikuwa 3,000. Madeni ya wateja ambayo bila shaka yangelipwa yalikuwa 4,000. Jumla yake ni 59,000. Lakini yeye naye alikuwa na deni la shilingi 5,000 kwa muuzaji wa jumla. Kwa hiyo mali yake halisi ilikuwa 54,000.

Msomaji na aitazame hesabu hii polepole. Mali ya duka ilipungua kwa shilingi 6,000. Mwenyewe alitwaa shilingi 48,000 kwa mwaka. Basi faida iliyopatikana kweli ilikuwa 42,000, yaani 3,500 kwa mwezi. Alikuwa akila 3,500 za faida, na juu yake 500 za mtaji, kila mwezi, bila kujua. Duka lake lilikuwa na faida, na papo hapo lilikuwa linakufa. Shilingi 500 kwa mwezi ni kitu kidogo, wala hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angeiona. Lakini kwa mwendo huo baada ya miaka michache rafu zingekuwa na mapengo. Mteja angekuja kutaka sabuni akaambiwa imekwisha, naye angekwenda duka la pili, na huko angenunua na sukari pia.

Dawa yake ni mwenye duka kujiandikia mshahara. Siku ya mshahara atwae kiasi kilichopangwa, na siku nyingine asitwae. Mke au mume akichukua kilo moja ya sukari kwa ajili ya jikoni, iandikwe katika daftari kama vile imenunuliwa na mtu wa njiani. Wengine huona haya kumwandikia mtu wa nyumbani mwao. Haya hiyo haina maana, kwa kuwa sukari haijui nani mwenye duka.

Siku hizi kuna hatari nyingine ambayo wazee wa zamani hawakuwa nayo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, sehemu kubwa ya fedha ya duka haipiti tena katika mtoto wa meza, bali katika simu. Mwenye duka anayepokea malipo ya wateja kwa namba yake mwenyewe, kisha kwa namba hiyo hiyo akamtumia mama yake fedha, akalipa umeme na kununua muda wa maongezi, amerudi pale pale walipokuwa wale washirika wa 1945. Heri awe na namba ya duka peke yake, na kila jioni aandike katika daftari kilichoingia kwa simu na kilichoingia kwa mkono, kila kimoja mahali pake.

MTOTO ALIYETUMWA

Deni huja dukani kwa njia ya upole. Mtoto hutumwa saa moja ya jioni, chupa mkononi, naye husema, "Mama amesema uandike." Ni nani atakayemrudisha mtoto huyo na chupa tupu? Mama yake ni jirani. Mwaka jana alileta kuni na chai nyumbani kwa mwenye duka siku ya msiba. Anayemshauri mwenye duka wa Kianyaga asikopeshe kabisa hajapata kukaa Kianyaga.

Lakini yapasa ajue bei ya deni. Kama sukari hununuliwa kwa shilingi 140 kilo moja na kuuzwa kwa 150, faida ni shilingi 10. Mtu akikopa kilo 5 asilipe, mwenye duka amepoteza shilingi 700 alizonunulia. Ili azirudishe, sharti auze kilo 70 za sukari kwa watu wengine. Kilo hizo 70 atazibeba, atazipima na kuzifunga, wala hatapata hata senti moja. Atakuwa amerudi tu pale alipokuwa. Mwenye duka akiyafahamu haya, mkono wake utakuwa mzito kidogo kabla ya kuandika.

Njia iliyowasaidia wengi ni kuweka mpaka kabla ya haja kufika. Kwanza, jumla ya madeni yote ya duka isizidi kiasi fulani. Katika duka la mali ya 60,000, pengine 5,000. Kiasi hicho kikijaa, mtu mpya hakopeshwi mpaka wa kwanza alipe. Pili, kila deni lifungwe na siku ya malipo ya mkopaji mwenyewe: mwalimu mwisho wa mwezi, mkulima wa chai siku ya malipo ya majani. Deni la kungoja bonasi ni la hatari, kwa kuwa bonasi hupanda na kushuka, na siku inapofika wadai huwa wengi: karo, chama, mbolea, na duka huwa la mwisho. Tatu, mkopaji aone mwenyewe kinachoandikwa, na atie sahihi. Mzee anayeheshimiwa hatachukia akiambiwa kwa adabu, "Mzee, hebu tazama kama nimeandika sawasawa." Atachukia zaidi akidaiwa baada ya miezi mitatu kitu asichokikumbuka.

BIDHAA ZINAZOKWENDA NA BIDHAA ZINAZOLALA

Wengi hudhani kuwa kitu chenye faida kubwa ndicho kilicho bora. Sivyo sikuzote. Mfuko wa sukari wa kilo 50, kwa bei za mfano ule ule, hununuliwa kwa shilingi 7,000 na kuleta faida ya 500. Mablanketi kumi ya shilingi 700 kila moja nayo ni 7,000, na yakiuzwa kwa 1,000 faida ni 3,000. Mtu atasema blanketi ndiyo biashara. Lakini kama mfuko wa sukari huisha kwa juma moja, fedha ile ile ya 7,000 itazunguka mara 52 katika mwaka na kuzaa shilingi 26,000. Mablanketi yakilala mwaka mzima katika rafu yatazaa 3,000 tu, na panya hawahesabiwi.

Haina maana kwamba blanketi isiuzwe. Kianyaga ipo miguuni mwa Mlima Kenya, na baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Aingizaye mablanketi mwezi wa Mei atayauza. Aingizaye mwezi wa Septemba ameifunga fedha yake mpaka mwaka ujao. Vivyo hivyo mbegu na mbolea ziwe tayari kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya mvua za Oktoba, siyo baada ya jirani kwisha kuuza zake. Vitu vya gharama, kama sufuria, mabati, au redio, vingojee majira ya bonasi na malipo ya kahawa. Mwenye daftari la mwaka jana ataona humo mwezi gani aliuza nini.

Kuhusu kununua, maduka matatu au manne madogo yanaweza kuchanga na kuagiza pamoja kwa muuzaji wa jumla, Embu au Thika, na kulipa gari moja badala ya kila mmoja kupanda matatu na mzigo wake. Hapa sharti fedha zitolewe kabla, na kila mtu achukue alicholipia. Ushirika wa kununua ni mzuri. Ushirika wa kukisia huleta ugomvi.

MKOPO

Wakati wa ukoloni sheria iliweka kikwazo kwa Mwafrika kukopeshwa bidhaa au fedha kupita kiasi kidogo, na mfanyi biashara wa Kiafrika alilazimika kukua kwa akiba yake tu. Leo mambo yamegeuka. Kuna vyama vya akiba na mikopo, kwa mfano Bingwa, ambacho mizizi yake ni wakulima wa chai wa Kirinyaga. Kuna benki, na kuna mikopo ya simu. Hustler Fund ya Serikali ilipozinduliwa Novemba 2022 ilitoa mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, wa kulipwa katika siku 14.

Siku 14 ndizo za kuangaliwa. Mkopo kama huo wafaa kununua sukari, unga na mafuta, vitu vitakavyouzwa kabla siku hazijaisha. Kununua friji kwa mkopo wa siku 14 ni kujitafutia usiku usio na usingizi, kwa kuwa friji italeta fedha yake kwa muda wa miaka miwili. Kwa kitu cha kudumu namna hiyo, mkopo wa chama wafaa zaidi: mwanachama huweka akiba kwa muda, huleta wadhamini, na kwa kawaida huweza kukopa hata mara tatu ya akiba yake, akalipa pole pole. Karani wa mikopo akiuliza habari za biashara, mwenye daftari la miezi kumi na miwili humwekea mezani. Asiye nalo huanza kueleza kwa maneno.

Lakini mwenye lile duka la mfano hakuhitaji mkopo. Alipoona hesabu yake ya Desemba, shauri lilikuwa kupunguza anachotwaa, kutoka 4,000 mpaka 3,000 kwa mwezi, na kuwaeleza watu wa nyumbani kwa nini. Ikiwa faida itabaki kuwa 42,000, atakuwa ametwaa 36,000, na 6,000 zitabaki dukani. Mwisho wa mwaka wa pili mali yake itakuwa tena shilingi 60,000, pale pale alipoanzia, na ni tangu hapo tu atakapoweza kuanza kufikiri habari za rafu mpya.