SOMO LA JAMAA: HADISI ZA USIKU
Maandiko: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, 2 Timoteo 1:5 na 3:15



Wazazi wengi hapa Wagenia tunasema: "Sisi hatukusoma sana, tutamsaidia mtoto namna gani?" Lakini Mungu aliwaamuru wazazi waongee na watoto wao hata saa ya kulala. Hakuuliza kwanza kama wanajua herufi.

Kwenye maporomoko, wavuvi wetu husimamisha miti kwanza, ndipo wanatundika mitego. Mtego bila miti huchukuliwa na maji. Vivyo hivyo herufi bila maneno hazikai kichwani. Mtoto aliyesikia sana hadisi ya kobe na chui huyatambua maneno yale siku anapoyaona yameandikwa.

Basi tufanye hivi:

1. Tusimulie kila usiku, hata hadisi fupi.
2. Tusimame katikati, tumwulize: "Halafu?"
3. Kesho yake atusimulie yeye.
4. Tupige makofi kwa neno moja: sa-ma-ki. Mkubwa wake aliandike mchangani.

Timoteo alijua Maandiko tangu utoto, na imani yake ilitangulia kukaa kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Taa ikikosa mafuta, sauti yatosha.

Ulizo: Leo usiku tutasimulia hadisi gani?

Amina.