Kisha upepo mkali: nyuki kwanza, msumeno nyuma



Mvua ya upepo ikipita, kila mtu anakimbilia panga. Njia imefungwa, kuni zimelala pale, na jirani naye anaziangalia. Lakini kwa shamba lenye mizinga, haraka ile ni hatari. Sisi wenyewe tulikosea siku moja huko Kabare. Tulianza kukata grevilea iliyoanguka saa sita mchana, hatua kumi tu toka mzinga. Nyuki walitoka wote. Mbuzi aliyefungwa pale alikufa, na baba mwenye shamba alilala hospitali siku mbili. Tangu ile siku tunafuata mpango huu.

1. Nyuki
Tuondoe watoto na mifugo. Tungoje jioni, wakati nyuki wamerudi. Tuvae nguo nzito, tufunike uso, tupulize moshi. Nyuki akichoma, anaacha harufu inayoita wenzake, moshi unaifunika. Mzinga ulioanguka tuuinue polepole, upande uliokuwa juu urudi juu, ili masega yaning'inie vizuri. Tuurudishe palepale. Tukiuhamisha hatua hamsini tu, nyuki watarudi mahali pa zamani na kupotea. Masega yaliyovunjika tuyatoe mbali, juu yanaita siafu.

2. Miti
Karibu na mzinga tukate asubuhi mapema, kungali baridi, kwa msumeno wa mkono. Makelele ya mashine na kutikisika vinawachokoza nyuki.

Mti uliopindika ni kama mtego. Tuanze kukata kidogo upande uliobanwa, kisha tumalize upande uliovutwa, tukisimama pembeni. Mti uling'oka na mizizi? Mtu asisimame kwenye shimo: shina likikatwa, kisiki kinaweza kurudi kwa nguvu. Na mti ulioegemea mwingine, tusipite chini yake. Tuite mwenye kuzoea kazi hiyo.

3. Kupanda tena
Kisiki cha mkaratusi kitachipuka. Tuache machipukizi mawili au matatu. Palipobaki wazi tupande kaliandra: inashika udongo, inalisha mbuzi, na maua yake yanalisha nyuki.

Ya kujadili kwa mkutano: kwa shamba lako, mzinga gani uko chini ya tawi kavu? Tulikate wakati wa kiangazi, mbele mvua ya mwezi wa tisa haijafika.