Lipa Bima Samaki Wakiwepo: Mbinu kwa Kaya za Mtera

Kando ya Bwawa la Mtera, fedha haziji mwisho wa mwezi. Zinakuja perege wakishika nyavu, au ufuta na alizeti vikipata mnunuzi baada ya mavuno. Malaria haisubiri msimu huo. Hupamba moto wakati wa kifuku, shamba likiwa bado bichi na chakula cha ndani kikielekea kwisha, na hapo ndipo mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa ili mtoto atibiwe. Kwa hiyo siku ya kulipia bima ipangwe kwa kufuata msimu wako wa fedha.

1. Uliza kilichopo sasa
Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulianzia Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita nje ya Dar es Salaam ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi bado wana kiwango hicho kichwani. Lakini mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Usilipe kwa mazoea. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au zahanati ukaulize: kiwango ni kipi, kinatibu nini, kinaishia hospitali ya ngazi gani, na kadi inaanza kufanya kazi lini?

2. Hesabu vichwa kabla ya kuandikishwa
Kaya ya bima ni mchangiaji, mwenza na wategemezi, jumla wasiozidi sita. Kama nyumbani mko tisa, pamoja na bibi na watoto wa ndugu, mjue mapema nani anaingia wapi. Andika majina yafanane na vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya NIDA. Jina likipishana, utasumbuka dirishani.

3. Tenga fedha kabla hazijaingia nyumbani
Gawa kiwango ulichotajiwa kwa wiki unazovua vizuri. Shilingi 30,000 kwa wiki 15, kwa mfano, ni 2,000 tu kwa wiki. Mkulima atoe yote siku anayouza gunia la kwanza. Mkiwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, anzisheni mfuko wa bima ulio mbali na mfuko wa jamii wa kikundi, maana mfuko wa jamii huishia kwenye misiba.

4. Kama kweli huna uwezo, fuata utaratibu mapema
Sera ya afya inasamehe gharama kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Sheria ya 2023 nayo imeweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Utambuzi huanzia kijijini, kwa hiyo usikose mkutano mkuu wa kijiji, hasa majina ya kaya yanaposomwa. Kuwa mnufaika wa TASAF, inayosaidia kaya maskini, ni ushahidi mzuri, ila hakikisha jina lako limo. Ukikwama, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla hujaugua.

5. Usimpe mtu fedha mkononi
Malipo ya serikali yana namba ya malipo, ile inayoitwa kontro namba. Lipa kwa simu, hata ya kitochi, au kwa wakala, kisha tunza ujumbe na namba ya uanachama. Mwandikishaji akikuambia "nipe tu, nitakulipia", mwombe kontro namba.

6. Anza zahanati
CHF ya zamani ilimfunga mwanachama kwenye kituo alichojiandikishia, na hiyo ilimwacha pabaya mvuvi wa Mtera anayelala leo upande wa Mpwapwa na kesho upande wa Migoli, mkoani Iringa. Maboresho yaliondoa kifungo hicho, lakini ngazi zimebaki: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, kwa barua ya rufaa. Ukiruka moja kwa moja hadi Dodoma mjini bila barua, unaweza kulipa mwenyewe. Dharura ina utaratibu wake. Uulize siku ile ile unayojiandikisha.

Mwisho, andika tarehe ya kadi kuisha nyuma ya mlango. Ikiangukia kifuku, lipia mwaka unaofuata mapema, siku unayouza mavuno.