Ridhaa ya Mtoto Mbele ya Sheria

Wako miongoni mwa watu wa miji yetu wadhaniao kwamba msichana akisema ameridhika, na wazee wake wakanyamaza, basi hapana kosa. Dhana hii yatia watu gerezani, na yawaacha watoto bila mlinzi. Kwa hivyo twaona ni wajibu kuieleza sheria ilivyo.

Katika Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 yamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimia miaka 18. Ridhaa yake si pungufu. Machoni pa hakimu haipo kabisa, hata kama yeye ndiye aliyeanza kuandika barua. Kosa huitwa unajisi, na adhabu hufuata umri: mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20, wa 16 na 17, kisichopungua miaka 15. Aprili 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hakimu hana ruhusa kushuka chini ya vima hivyo.

Mshitakiwa anao mlango mmoja, nao ni mwembamba: athibitishe kwamba mtoto alimdanganya juu ya umri wake, naye akaamini kwa sababu za haki. Ataulizwa alifanya nini kuujua umri huo. Kutazama kimo si jawabu.

Lakini linalotusikitisha zaidi ni sulhu. Mimba ikionekana, jamaa za pande mbili hukaa barazani, fedha zikatolewa au nikaha ikaharakishwa, na kila mtu akadhani mambo yamekwisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya baba wa msichana. Kadhi naye ana mamlaka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ya jinai hana. Kweli, kifungu cha 49 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 chasema lililo kinyume na Uislamu katika sheria hiyo haliwahusu Waislamu. Wengi wakishikilia hicho! Nacho chaisema sheria ile tu. Hakifuti kosa lililokwisha tendeka, na Sheria ya Watoto ya 2022 yakataza ndoa ya mtoto.

Sisi tusiomkabidhi yatima mali yake mpaka tuone rushdi yake, kama tulivyofunzwa katika Sura ya Nisaa, vipi twamtwika msichana wa miaka 14 jukumu la nafsi yake na la mwanawe?

Wazazi wa wana wa kiume nao na wasikie: kijana wa miaka 17 hushitakiwa vile vile, ila hukumu yake hufuata sheria za watoto na za Borstal.