Meza ya kukata chuma kwa plasma: ijaribu mbele ya kuwasha moto



Fundi mmoja alifika kwetu kwenye dispansere asubuhi, amechoka sana. Usiku mwili ulikuwa moto, akatetemeka, kichwa kikamuuma. Mke wake alikuwa amekwisha kumpa dawa ya malaria. Tulipima damu: malaria hakuna. Nikamwuliza:

— Jana ulikata nini?

— Mabati ya zinki, munganga. Ninajaribu meza yangu ya plasma. Mvua ilinyesha, nikafunga mlango.

Ugonjwa wake ulikuwa moshi. Siku hizi mafundi wengi, kiisha kazi ya kampuni, wanatengeneza milango na madirisha katika lupango, na wengine wanajijengea meza ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta. Ni kazi ya akili, hatuikatazi. Lakini tujifunze namna ya kuijenga na kuijaribu bila kuumiza mtu.

I. Meza inafanya kazi namna gani?

Juu ya meza ya chuma kuna reli mbili, na daraja linalotembea juu yake. Moteri ndogo zinasukuma daraja mbele na nyuma, nyingine inapeleka torshi kushoto na kulia, nyingine inaipandisha na kuishusha. Torshi ni ule mdomo unaotoa moto. Kompyuta inasoma picha ya kitu unachotaka, inaziambia moteri njia ya kufuata.

Moto huo si wa gazi kama ule wa shalimo. Hewa ya kompresere inapita katika tundu dogo pamoja na umeme, inapata joto la kupita digri 20,000. Chuma kinayeyuka, hewa inakisukuma chini. Wakati wa kukata, torshi inakaa karibu milimita moja na nusu tu juu ya bati. Kwa hiyo meza iliyopinda haikati vizuri, na torshi inaweza kugonga bati.

II. Umeme usiouona

Mbele ya torshi kuwaka, mashine inaweza kutoa volti 250 mpaka 300. Hizo zinatosha kuua mtu, zaidi kama amesimama katika maji. Usibadilishe tundu la torshi mbele ya kuzima mashine na kuichomoa.

Funga meza kwa waya mnene mpaka kwenye chuma kilichopigwa ndani ya udongo. Tena, umeme wa plasma unaweza kuvuruga kompyuta: moteri zinakwenda bila kutumwa. Kwa hiyo tenga waya za torshi na waya za kompyuta. Butoni nyekundu ya kusimamisha ikate yenyewe umeme wa moteri na wa torshi. Isipite kwa kompyuta. Mashine iliyochanganyikiwa haisikii amri.

Kumbuka pia umeme unaokatika na kurudi ghafula. Meza isianze tena yenyewe mkono wako ukiwa juu ya bati. Weka kontaktere inayongoja mtu abonyeze butoni.

III. Jaribu mara tatu

Jaribio la kwanza: bila moto. Chomoa mashine ya plasma. Tembeza daraja polepole mpaka mwisho wa reli zote. Je, swichi za mwisho zinasimamisha moteri? Bonyeza butoni nyekundu mara kadhaa, meza ikiwa inakimbia. Kama imekataa mara moja tu, usiendelee. Tengeneza kwanza.

Jaribio la pili: kwa kalamu. Funga kalamu mahali pa torshi, tandika karatasi, chora mraba wa milimita 500 kila upande. Pima kutoka pembe mpaka pembe, njia zote mbili. Lazima upate karibu 707 kila njia. Kama njia moja ni ndefu kuliko nyingine, daraja limekaa upande. Karatasi ni bei ndogo, bati ni bei kubwa.

Jaribio la tatu: kwa moto. Tumia kipande cha chuma cheusi kisicho na rangi wala zinki. Mwenzako asimame karibu na butoni nyekundu, ndoo ya mchanga iwe tayari. Watoto wakae mbali, hata kama wanalia kutaka kuona.

IV. Moshi

Sinia la maji chini ya bati linakamata cheche na sehemu kubwa ya vumbi, lakini si moshi wote. Kata mahali pa wazi, upepo upeleke moshi mbali na uso wako na mbali na jiko la mama.

Bati la zinki linaleta homa saa chache nyuma ya kazi: kutetemeka, kikohozi, ladha ya chuma mdomoni. Mara nyingi inakwisha kwa siku moja au mbili. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi moshi katika mapafu. Na usijipime mwenyewe. Homa ya zinki na malaria zinafanana, na malaria inaua. Njoo tupime damu, utuambie ulikata nini. Kama pumzi ni nzito, usingoje asubuhi.

Chuma kisichoshika kutu kinatoa moshi wa kromu, unaoweza kuleta kansa ya mapafu. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi: vumbi lake linaingia nyumbani kwa nguo na mikono, linaharibu akili ya watoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Alumini usiikate juu ya maji yaliyotulia. Inatoa gazi ya hidrojeni, gazi inakaa chini ya bati, cheche inailipua. Na pipa lililokuwa na mafuta au esanse usilikate hata kidogo.

V. Macho na masikio

Anayetazama moto vaa kioo cheusi namba 8 au zaidi. Lineti za jua hazifai. Mtu aliyeungua macho anasikia usiku kama mchanga ndani yake. Usitie maziwa ya mama wala maji ya viazi. Njoo kwenye dispansere. Ziba masikio pia.

Maulizo kwa kujipima

1. Kwa nini butoni nyekundu isipite kwa kompyuta?
2. Mraba wa milimita 500: kutoka pembe mpaka pembe ni ngapi?
3. Fundi amekata mabati ya zinki, usiku ana homa. Mke wake afanye nini?

Soma maulizo haya pamoja na mke wako. Usiku wa homa, yeye ndiye atakayetuambia ulikata nini.