KARATA ZA ISHIRINI NA MOJA: JE, NI AKILI AU NI KAMARI?

Ndugu mmoja wa darsa yetu, afanyaye biashara ya dagaa, ametuletea suala kutoka Takawiri, kisiwa kilichoko katika Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay. Asema kuwa yeye hupeleka fedha kwa simu ya nahodha, naye nahodha huwagawia mabaharia sehemu zao. Mara mbili sasa fedha zimemalizika kabla ya kugawiwa, katika mchezo wa karata wa simuni uitwao blakijeki, yaani ishirini na moja. Nahodha ajitetea kuwa hiyo si kamari, kwani huchezwa kwa akili wala si kwa bahati.

Jawabu: Hoja hii ina chembe ya ukweli, nasi hatupendi kumjibu mtu kwa kumzomea. Mwaka 1962 mwanachuoni wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu kuonyesha kuwa mwenye kuhifadhi karata zilizokwisha kutoka aweza kumshinda mwenye kasino. Wenye kasino walifanyaje? Mwaka 1964, huko Las Vegas, walibadili masharti ghafula. Wateja wakawakimbia, nao wakayarudisha baada ya wiki chache. Tangu hapo wamejifunza kubadili polepole. Pakiti moja ya karata ikawa sita au nane, kisha zikaja mashine za kuchanga karata bila ya kusita.

Na kubwa zaidi ni hili. Mwenye kupata ree pamoja na kumi au mzungu, kwa karata zake mbili za mwanzo, zamani alilipwa 150 kwa kila shilingi 100. Siku hizi meza nyingi hulipa 120. Karata hizo hutokea kama mara moja katika michezo 21. Hesabu mwenyewe, ewe msomaji: zigawe shilingi 30 zilizopunguzwa kwa 21, utaona mwenye kasino amejiongezea kama shilingi moja na senti 40 katika kila 100 uwekayo, wala hakumpora mtu.

Ama katika simu, ghalibu programu huchanga karata upya kila mchezo, basi hapana cha kuhifadhi. Akili aliyoitegemea nahodha ilikwisha kutolewa mchezoni kabla hajaifungua simu yake. Na huko ndiko mchezo huu unakoelekea.

Hata lau akili ingalimfaa, hukumu isingalibadilika. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, kamari imekatazwa pamoja na ulevi, na umetajwa uadui uingiao baina ya watu. Wenye akili hawakutolewa. Uadui huo sasa umo chomboni mle. Mwaka 2025 Kenya ilitunga sheria mpya ya kamari badala ya ile ya 1966, lakini leseni ya serikali haihalalishi kilichoharimishwa.

Fedha za mabaharia ni deni juu ya nahodha, shilingi kwa shilingi, wala toba yake haiwi kamili mpaka azilipe au wamsamehe wenyewe kwa ridhaa yao. Naye muulizaji tunamshauri asimpelekee tena mtu mmoja fedha za watu wote. Kila baharia na apelekewe sehemu yake kwa simu yake mwenyewe.